Kidole cha Mzee Rajabu na Bastola ya Toi

Hebu leteni hivyo vidole nivione. Na wewe mwenye kofia, usifiche mkono nyuma, leta. Haya, ona sasa! Kidole kisafi kama cha karani wa benki, halafu unaniambia ati wewe ni fundi wa rangi. Enzi zetu pale Kawangware, stegi ya 56, hungepewa hata stuli ya jikoni upake.

Msininunie, nawatania tu. Nyinyi mna kompresa, mna glavu, mna vile vitu vya kuziba pua, na mkimaliza mnapiga picha mnatuma kwa simu kabla rangi haijakauka. Ni sawa, dunia ni yenu. Lakini mpwa wangu mwenye hii gereji ameniambia niwaeleze kazi ilivyokuwa miaka ya tisini, kwa hivyo kaeni. Na huyo anayechati aweke simu chini kidogo, haitakufa.

Sisi tulipaka vitu vidogo vidogo. Fremu za baiskeli, vitanda vya chuma, viti vya saluni, na zaidi ya yote masanduku ya mabati ya watoto wa bodingi. Kompresa tulikuwa tunaziona tu kwa gereji za wakubwa huko Ngong Road. Zetu zilikuwa sprei za kopo. Mteja wa kawaida alipakiwa kwa brashi na akashukuru, lakini yule wa kujisikia kidogo alitaka sprei, kitu king'ae bila mistari ndio majirani wajue.

Sasa, mteja wa 56 alikuwa na tabia moja. Akiingia kwa yadi haulizi bei kwanza. Anauliza, "Fundi ni nani hapa? Hebu kidole." Unanyoosha kidole cha shahada, hicho cha kubonyezea kopo, naye anakishika na kukigeuza kama mtu anayechagua nyanya. Kopo la sprei halina adabu, kila ukibonyeza linakurudishia kidogo hapo nchani, na rangi inaganda juu ya rangi. Mteja anahesabu: nyekundu juu ya buluu, buluu juu ya kijani, kijani juu ya ile rangi ya maziwa ya vitanda vya hospitali. Akiona ziko nyingi anaacha sanduku lake na kwenda zake bila wasiwasi. Akiona kidole kisafi anasema "nitarudi," na hiyo "nitarudi" hata nyinyi mnaijua.

Mimi nikiwa mwanamke ilikuwa mbaya zaidi. Nilitoka Bungoma nikaanza pale kwa kufagia na kupiga msasa, na hata nilipoanza kupuliza, wateja walidhani nimeletea fundi chakula. "Mama, fundi ameenda wapi?" Namnyooshea kidole machoni. Hicho kidole nilikitunza, wacheni mchezo. Sikukisugua hata Jumapili. Kanisani nilifungua kitabu cha nyimbo kwa kidole cha kijani, na wale kina mama waliokaa kando yangu wakawa wanasogea kidogo kidogo kwa ajili ya nguo zao nyeupe.

Aliyenifundisha ni mwenye yadi, Mzee Rajabu, Mnubi wa Makina kule Kibera. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka Kibera, kofia imenyooka, uso umekunjwa, na hasalimii mtu mpaka amalize chai. Akishakunywa chai, basi ulimi unafunguka na mimi ndiye wa kuutumikia. Nikipaka nzito: "Nafula, hiyo ni baiskeli ama ni keki?" Nikienda haraka ikawa madoadoa: "Unapuliza ama unatema mate?" Siku moja rangi ilinichirizika kwa sanduku la msichana fulani, akalitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyu mtoto mlimpigia nini mpaka sanduku lake likalia?"

Lakini alijua, jamani. Aliniambia kopo unalitikisa mpaka ile goroli ya ndani ikuimbie vizuri, halafu ukidhani inatosha unatikisa tena. Unasimama mbali na kitu shibiri moja na kidogo. Unaanza kubonyeza ukiwa bado hewani, kabla hujafika kwa chuma, unapita, unaachilia ukiwa umeshatoka upande wa pili. Wale wanaoanzia juu ya chuma na kuishia juu ya chuma ndio wenye vile vinundu vya rangi kwa kona, na nikizunguka hapa nyuma ya gereji nitawataja kwa majina. Ukimaliza, unageuza kopo kichwa chini na kubonyeza mpaka itoke hewa tupu, ndio isizibe. Na upepo ukianza, unaenda kunywa chai. Hilo la chai ndilo somo nililolielewa upesi kuliko yote.

Haya, hapa ndipo penye maneno.

Mzee Rajabu alikuwa mtu wa sala. Adhuhuri na alasiri zilimkuta kazini, na msikiti ulikuwa karibu, adhana unaisikia ukiwa palepale yadi. Na Mwislamu akitawadha, maji lazima yafike kwa ngozi. Rangi iliyoganda haipitishi maji. Kwa hivyo adhana ikilia, Mzee aliweka kopo chini, akamwagia kitambaa thina, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, akasugua kidole, halafu akakwangua kwa wembe mpaka ngozi itokee. Kufika alasiri kidole kimeshajaa rangi tena, na yeye anaanza tena. Alifanya hivyo tangu ujana wake.

Thina haina huruma na mtu. Kile kidole kilipasuka. Kwanza mistari midogo, halafu nyufa za kutoa damu, na kiungo kikakakamaa mpaka akibonyeza kopo unaona bega lote linapanda. Thina ikiingia kwa nyufa alikuwa anafunga macho na kusoma kitu kimoyomoyo, na mimi naangalia pembeni. Kliniki walimwambia waziwazi: mzee, chagua, ama thina ama kidole. Imamu mwenyewe alimwita akamwambia asijichubue hivyo, Mungu anajua hali yake. Mzee akakataa. "Rangi nimejipaka mwenyewe," akasema, "nitaitoa mwenyewe." Na kwa sababu ya kukwangua, alifika msikitini wakati wenzake wameshaanza, akawa anasali mlangoni kando ya viatu kila siku. Mtu wa umri wake, aliyezaliwa na kukulia kwa dini, anaingia mwisho pamoja na wale wanaosinzia. Hakulalamika, lakini nilijua linamuuma kuliko kidole.

Tulijaribu dawa zote. Glavu za mpira za hospitali ziliyeyuka kwa rangi zikamshika ngozi. Karatasi ya nailoni iliteleza. Achieng', aliyekaanga samaki mkabala na yadi na ambaye hakuna jambo lililopita bila yeye kulitolea hukumu, akaleta baluni. Tukakata, tukamvisha Mzee Rajabu baluni nyekundu kidoleni. Alibonyeza kopo mara moja, akaivua, akamrudishia Achieng' kwa heshima zote. "Kidole lazima kisikie," akasema. "Hii umenifunga macho." Achieng' alicheka mpaka samaki mmoja akaungua.

Halafu mwisho wa mwaka ukikaribia, tukinywa chai, akasema tu hivi bila kuniangalia: "Nafula, masanduku ya shule yakiisha, mimi naacha. Kuna geti Lavington wanatafuta mlinzi. Yadi utabaki nayo."

Mzee Rajabu kulinda geti! Mtu aliyepaka fremu ya baiskeli bila kufunika tairi na tone lisiguse mpira! Sitawadanganya, yadi niliitaka. Nani angekataa yadi? Lakini si kwa njia hiyo. Niliamka usiku nikawa namwona amesimama na rungu, anafungulia gari la mtu, na kidole kimepona lakini hakina kazi. Nililia kama mtoto.

Sasa, Jumamosi moja nilienda soko la mitumba la Toi kutafuta sweta ya shule. Mnajua Toi, ukishanunua lazima uombe nyongeza, la sivyo unaonekana mgeni. Yule muuzaji akanisukumia katoni ya takataka zilizoletwa ndani ya mitumba, vijiko, magurudumu ya vigari, mdoli asiye na kichwa. "Chagua kimoja, mama." Nikaona kitu cha plastiki, kina mkono wa kushika na kitu cha kuvuta kwa vidole, na juu kuna duara wazi.

"Hiyo ni bastola ya mtoto," akasema. "Imepotea tu mdomo wa kutolea risasi. Lakini mtoto atafanya pa pa pa na mdomo wake."

Nikavuta. Ndani ya lile duara kikashuka kitu kama kidole kidogo cha plastiki, kikabonyea chini, nikiachilia kikapanda. Nikavuta tena. Jamani, mimi maisha yangu yalikuwa kubonyeza! Nilikaa pale Toi navuta na kuachilia mpaka yule muuzaji akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa sana. Kumbe kuna mzungu mahali fulani aliyechoka kidole kama sisi, akatengeneza mkono wa kubonyezea kopo.

Nilifika yadi naruka. Nikaweka lile duara juu ya kopo la kijani, nikasukuma chini mpaka likashika ule ukingo wa chuma, ka! Ukisikia hiyo ka ndio limeingia. Usiposikia, kopo litakuangukia mguuni, na hilo nililijua baadaye. Mzee alikuwa ananitazama juu ya kikombe. Achieng' alikuwa ameacha karai kabisa. Nikashika kama polisi, nikanyoosha mkono, nikavuta.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kile kitundu cha kopo lazima ukigeuze kiangalie mbele kwanza. Kilikuwa kinaniangalia mimi.

Kijani kuanzia kidevu mpaka kwenye nywele. Nilifunga macho kwa bahati ya Mungu. Nikamsikia Achieng' anapiga magoti akicheka, na Mzee Rajabu akasema polepole, "Sasa umejipaka vizuri. Haina matone." Nilirudi nyumbani kupitia stegi ya 56 na uso huo, na hadi nastaafu kulikuwa na makanga waliokuwa wananiita Mama Sukuma, kama ile mboga ya kijani.

Kesho yake nikageuza kitundu mbele, nikajaribu tena, na hapo nikajua nimepata kitu. Kidole hakichoki, kwa sababu unavuta na vidole viwili vitatu pamoja. Mkono hautikisiki. Na kwa sababu unashika mbali na kichwa cha kopo, rangi haikurudii. Nilipaka masanduku asubuhi nzima na kidole changu hakikuongeza hata doa.

Na hapo ndipo balaa likaanza. Bila rangi mpya, zile za zamani zikaanza kubanduka. Wateja wakija, "Hebu kidole," nanyoosha, wanaona ngozi. "Nitarudi." Mmoja akaniuliza tena fundi ameenda wapi! Basi mimi nikawa kila asubuhi, kabla sijashika bastola, najibonyezea nyekundu kidogo, nangoja ikauke, naongeza buluu. Achieng' akawatangazia majirani, "Wengine wanapaka kucha, rafiki yangu anapaka kidole chote." Nilimwambia ni biashara.

Lakini bastola sikuichukua Toi kwa ajili yangu. Nilimwekea Mzee mezani.

"Mimi si polisi," akasema.

"Mzee, jaribu kidogo tu."

"Nafula, kidole ndicho kinachojua. Ukibonyeza nusu inatoka ukungu, ukibonyeza yote inatoka mvua. Hiyo plastiki itajua nini?"

"Nayo ukivuta nusu inatoa nusu."

"Basi vuta wewe. Mimi nimebakiza msimu mmoja, siwezi kuumalizia na kichezeo cha mtoto, wateja wakinitazama." Akachukua kopo, bega likapanda, na damu ikajitokeza kwa ule mpasuko. Kuna wazee wengine unawapenda mpaka unataka kuwafinya.

Wiki ya pili, nafika asubuhi nakuta bastola yangu iko juu ya meza mahali ambapo sikuiacha. Naishika, inanata. Lile duara limelainika upande mmoja limekuwa kama ubani uliotafunwa, na taya moja, ile ya kushika ukingo wa kopo, imepinda. Inanuka thina.

Nawaambia hapa na mshike: thina na plastiki hazikai nyumba moja. Hiyo kitu unaipangusa na kitambaa kikavu rangi ikiwa bado mbichi, basi. Huitumbukizi kwa mkebe wa thina. Na pale 56 kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kila kitu alichokigusa lazima akioshe kwa thina.

"Mzee," nikasema, "ni nani ametumia bastola?"

"Panya."

"Panya?"

"Kuna panya wengi siku hizi."

"Na hao panya siku hizi wanaosha vyombo kwa thina?"

Alitazama chai yake. "Panya wengine ni wasafi," akasema.

Jamani, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na kopo. Alikuwa anabaki nayo jioni mimi nikishaenda! Nikaangalia pale kona, kuna sanduku jeusi limepakwa vizuri ajabu, laini kama maji kwa beseni. Nilipasha msumari moto nikanyoosha ile taya, nikakata utepe wa tyubu ya baiskeli nikalifunga duara lote, nikaukaza. Nikaiweka upande wake wa meza, si upande wangu. Asubuhi hiyo nikarudia kubonyeza kwa kidole changu kama zamani.

Akawa anaitumia, lakini kwa wizi. Tukiwa wawili tu anavuta kama mtu aliyezaliwa nayo. Akisikia viatu vya mteja getini, bastola inaingia chini ya aproni, na kile kidole kibovu kinarudi juu ya kopo kwa ajili ya heshima. Na msimu wa masanduku wateja hawakatiki. Kwa hivyo kidole kilikuwa kinapona asubuhi na kupasuka kabla ya chakula cha mchana. Rangi ilikuwa inaganda palepale, wembe ukawa unatoka palepale, na lile geti la Lavington lilikuwa linasogea kila tukimaliza sanduku. Nilimwambia, "Mzee, unajiua kwa sababu ya macho ya watu." Akaniambia nipige msasa.

Halafu akaja baba mmoja kutoka mtaa wa Olympic, mtu mkubwa wa suti, na sanduku la binti yake aliyekuwa anaenda kidato cha kwanza. Hakuwa ametukanyagia yadi kabla ya siku hiyo. Na hakuingia kwa geti, alipitia upande wa Achieng', kwa hivyo viatu vyake hatukuvisikia. Alimkuta Mzee Rajabu katikati ya kazi, bastola mkononi, imefungwa tyubu, anavuta.

Yule baba akasimama. "Mzee," akasema, "unacheza na bunduki ya watoto?"

Niliacha kupiga msasa. Achieng' akaacha samaki. Mzee aliganda, na nikauona mkono wake unataka kwenda chini ya aproni.

"Nimeambiwa hapa kuna fundi mkali," baba akaendelea. "Ni wewe? Hebu kidole."

Mzee alitazama kidole chake. Ilikuwa asubuhi bado, kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe kisafi, hakina hata doa. Kama angekataa ile bastola, angevua kile kitambaa, achukue kopo, abonyeze hapo mbele ya yule mtu, na angeweza. Angempakia sanduku la kumtoa machozi, halafu angekwangua. Nilijua ndivyo atakavyofanya, kwa sababu ndivyo alivyofanya siku zote.

Akainua ile bastola badala yake, akanielekezea mimi. Naapa, niliinama kidogo, kwa sababu ya ile siku ya kijani.

"Fundi ni yule mama," akasema. "Mimi namsaidia tu."

Mimi! Mzee Rajabu, aliyekuwa akipaka rangi tangu mimi sijazaliwa, anamsaidia Nafula! Nilinyoosha kidole changu, nyekundu juu ya buluu juu ya nyeusi, zote za halali sasa. Yule baba akakigeuza, akaridhika, akaacha sanduku. "Hakikisha ni wewe mwenyewe utapaka," akaniambia. "Usimwachie mzee."

"Sitamwachia," nikasema.

Alipoondoka tu, Mzee akavuta lile sanduku upande wake. "Sogea, fundi," akasema, "unanizibia mwanga." Na akaanza kulipaka, buluu ya bahari, mchana kweupe, bastola haifichi tena. Wateja waliingia na kutoka. Wengine walicheka, wengine waliuliza kidole, na kila mmoja akiuliza, Mzee alininyooshea mimi ile bastola, na kila mara nikainama, na kila mara Achieng' akacheka upya.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Niliinuka kwa mazoea nikamchukulia mkebe wa thina na wembe. Mzee aliweka bastola chini, akaipangusa na kitambaa kikavu kama mtu aliyefundishwa na maisha, akapita mbele yangu bila hata kutazama ule mkebe. Akafungua kitambaa cha kidole, akainamisha jerikeni, akanawa mikono, uso, mpaka miguu, maji matupu. Hakufunga macho. Akavaa kofia na kwenda. Mimi nikabaki nimesimama na thina yangu, machozi yananitoka, nikamwambia Achieng' ni moshi wa samaki wake.

Alirudi baada ya sala, uso umekunjwa vilevile. Akakaa kwa stuli yake.

"Nini tena, Mzee?"

"Nimefika kabla ya wote," akasema. "Imamu ameniuliza kama nimefutwa kazi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia bado sana." Akashika bastola, akavuta sanduku lingine.